Pumzi ya Bwana Zupan

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatano ya pili ya Januari, Aila Ranta aliwasha mashine ya kupumulia katika chumba cha upasuaji namba tatu. Alibana mfuko wa hewa mara tatu akasikiliza kama unavuja, akajaribu mrija wa kunyonya mate kwenye kikombe cha maji, akaiacha kahawa yake nje ya mlango kama sheria inavyotaka. Kioo cha mashine kikawaka. Katikati yake palikuwa na nambari mia sita, kama jana na kama juzi. Hizo ni mililita za hewa ambazo mashine humsukumia mgonjwa kwa kila pumzi akiwa amelala nusukaputi, maana dawa ikishamkolea, misuli yake husahau kazi, na asipopumuliwa hufa.

Nambari hiyo iliwekwa na Dakta Thorstad, mkuu wa idara ya usingizi, wiki mashine ilipofika kutoka kiwandani. Wagonjwa wa wiki ile walikuwa wachimbaji wa mgodi wa chuma, wanaume wa futi sita na zaidi, na mia sita iliwaenea vizuri. Wiki iliyofuata waliletwa watu wengine, nambari ikabaki. Kila muuguzi wa usingizi hufundishwa chuoni kwamba pumzi hupimwa kwa urefu wa mtu, wala si kwa unene wake, kwa sababu mwili hunenepa lakini mapafu hayanenepi. Mwanamke mfupi yamtosha mia tatu. Ukimsukumia mia sita, vifuko vidogo vya mapafu yake hutanuka kupita kiasi, huchubuka, na akiamka hukohoa maji. Aila aliyajua hayo kama jina lake. Lakini kubadilisha nambari kulihitaji fomu ya kurasa mbili na sahihi ya Dakta Thorstad, na dakika za kuijaza zilionekana kwenye ubao wa korido, ambako kila chumba kiliandikiwa muda kilioupoteza kati ya mgonjwa na mgonjwa. Chumba namba tatu kilikuwa kimeongoza miaka sita mfululizo. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi wafanyakazi wake walinunuliwa piza.

Katika miaka tisa Aila aliigusa nambari ile mara mbili, zote mwaka wa kwanza. Mara ya pili wenzake walikosa piza, na hakuna aliyemsalimia mpaka Jumanne. Mazoea yana taabu, wanasema wahenga, ila hawakusema kwamba yana raha pia, ndiyo maana hayaachwi.

Kwa hiyo mji ule wa mgodi ulikuwa na watu wa pumzi moja. Pumzi isiyomwenea mtu haiwi yake. Hubaki ya yule iliyemwenea. Mwanamke mfupi aliyelazwa mezani baada ya mwanamume mrefu aliamka akipumua pamoja na mwanamume huyo, popote alipo. Mwanamume akilala, mwanamke hupumua taratibu. Mwanamume akipanda ngazi, mwanamke hutweta kwenye kiti chake. Hospitali ilikuwa na fomu ya kijani kwa ajili yao, na siku ya kuruhusiwa wawili hao walipeana namba za simu. Muuza mikate wa barabara kuu alinyamaza katikati ya sentensi kila fundi paa aliyepumua pamoja naye alipokuwa kazini, na wateja walimsubiri. Mwezi Novemba dereva wa lori la kuvuta magari mabovu alikata roho akivua samaki kwenye tundu la barafu, na dakika hiyohiyo Ione Prebich, mkutubi, akakata roho akiwa na muhuri mkononi. Hospitali ilipeleka shada moja kubwa la maua, likae kanisani kwa dereva asubuhi, mchana lihamishiwe kwa Ione.

Ndiyo maana mtu wa pale akipewa tarehe ya upasuaji hakuulizia jina la daktari. Aliuliza anamfuata nani. Na Jumatano ile Lempi, mdogo wake Aila, alikuwa anamfuata Ludvik Zupan.

Lempi alikuwa na miaka hamsini na moja, futi nne na inchi kumi na moja, na mawe kwenye nyongo. Kazi yake ilikuwa urefa wa hoki ya barafuni ya wasichana. Bima yake ililipa hospitali ya mji tu, hivyo habari ya kwenda Duluth, kwenye hospitali za mji mkubwa, haikuwepo. Alikuwa amekaa kitandani kwenye chumba cha maandalizi, na nyuma ya pazia alilala Bwana Zupan, miaka sabini na minne, futi sita na inchi tano, mchimbaji mstaafu aliyekuja kutengenezwa ngiri.

"Dada, huyo mtu anapumua kama trekta," Lempi alisema, akijizungushia gauni la hospitali ambalo lingewatosha watatu wa kimo chake. "Sikiliza. Trekta lina nafuu."

"Nakusikia, mama," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Trekta hili limekula vumbi la chuma miaka thelathini na minane."

"Samahani, mzee wangu."

"Ya nini? Waombe tu wanibadilishie oili."

Lempi akacheka, kisha akaacha. Akamshika Aila mkono na kumvuta karibu. "Mimi mapafu ndiyo kazi yangu. Refa asiye na filimbi ni mtazamaji aliyevaa jezi. Huyu ana miaka mingapi?"

"Sabini na minne."

"Basi na mimi ninayo sabini na minne."

"Hakuna pumzi ya mtu itakayokuingia," Aila alisema. "Nimeongea na Curt. Ataweka mia tatu."

"Wewe umewahi kumwona Curt akiigusa?"

Aila akamfunga kamba za gauni mgongoni. Yeye mwenyewe alikatazwa kumlaza ndugu yake. Sheria hiyo ilikuwa ya haki na hakuipinga. Mashine ya namba tatu aliiandaa tu; siku hiyo alipangiwa chumba namba tano. Lakini alfajiri alimfuata Curt, muuguzi wa usingizi kama yeye, mtu mpole aliyeshindwa kumkatalia yeyote jambo lolote. Curt alikata kipande cha plasta nyeupe, akakibandika kwenye paja la suruali yake kama wafanyavyo wauguzi wote, akaandika juu yake kwa kalamu nene: LEMPI 300. "Dada yako ni dada yangu," alisema. "Nikisahau, ninyonge." Aila alitaka kumwamini, akamwamini.

Saa tatu na dakika kumi Aila alipewa mapumziko ya chai. Hakwenda kwenye chai. Alisimama kwenye kidirisha cha mlango wa chumba namba tatu. Lempi alikuwa mezani dakika arobaini sasa. Curt alikuwa ameketi kando ya kichwa chake akijaza karatasi, plasta iko palepale pajani, na kioo cha mashine kilisoma mia sita. Aila akafunga barakoa, akasukuma mlango.

"Curt."

"Najua," Curt alisema bila kuinua kichwa. "Najua, Aila. Mzee alichelewa kuamka, tukaingia na dakika nne nyuma, ubao ukageuka njano. Nikasema nitaigusa tukishakaa sawa."

"Mmekaa sawa lini?"

"Bado hatujakaa."

"Nani anaongea hapo?" aliuliza daktari mpasuaji, macho yake hayakutoka kwenye kazi.

Aila akaupita mkono wa Curt, akazungusha kitufe. Nambari ikashuka mpaka mia tatu, kengele ikaanza kulia, na kifua cha Lempi, kilichokuwa kikiumuka kama unga uliozidishiwa hamira, kikatulia. Aila alihesabu pumzi kumi na moja za namna ile. Ya kumi na mbili haikuja, kwa sababu Dakta Thorstad alikuwa ameingia.

Alikuwa mtu mwenye adabu. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Huyu ni ndugu yako?"

"Ni mdogo wangu."

"Basi hupaswi kuwa humu. Fomu iko wapi?"

"Ana futi nne na inchi kumi na moja, daktari. Anapewa mara mbili ya pumzi yake."

"Oksijeni yake ni asilimia tisini na tisa."

"Oksijeni haisemi kama mapafu yanachanika."

"Wagonjwa elfu nne, Aila," alisema kwa upole. "Hakuna hata mmoja aliyefia mezani."

Hilo lilikuwa kweli. Walifia maktabani. Dakta Thorstad akarudisha mia sita kwa kidole kimoja, kama mtu anayeinyoosha picha iliyoinama ukutani, kengele ikanyamaza, na Aila akatolewa nje.

Lempi aliamka saa tano kasorobo. Kitanda chake kilikuwa jirani na cha Bwana Zupan, na vifua vyao vilipanda na kushuka pamoja, kimoja kikubwa, kingine kidogo. Muuguzi wa zamu alikuwa ameshajaza fomu ya kijani. Bwana Zupan akapiga mwayo, mdomo wa Lempi ukafunguka nao.

"Dada," Lempi alisema, baada ya kungoja mzee atoe pumzi. "Mdomoni nasikia tumbaku."

"Ya kutafuna," Bwana Zupan alimfahamisha. "Pole, mama."

Lempi alikohoa maji siku tatu na kulala na oksijeni puani. Kabla ya upasuaji alikuwa amepuliza kwenye kipimo akatoa lita mbili na nusu. Baada ya mwezi alipuliza tena, ikatoka moja na nusu. Dakta Thorstad alisoma karatasi zote mbili, na kwenye nafasi ya sababu akaandika: umri.

Maisha yakaendelea, kwani yalikuwa na njia gani nyingine? Uwanjani Lempi hakuweza kupuliza filimbi mpaka mzee atoe pumzi huko nyumbani kwake, na wasichana walijifunza kuusubiri mlio sekunde mbili baada ya kosa. Mzee alipocheka mbele ya televisheni, Lempi alitikisika kanisani. Alimpigia simu kila asubuhi: "Mzee, leo ngazi mara ngapi?" Naye alijibu, "Mara moja tu, mama mdogo, nikifuata soksi." Mwezi Februari mzee ndiye aliyempigia. "Nimeacha tumbaku," alisema. "Mke wangu aliniomba miaka thelathini, akafa akiomba. Basi, nilitaka ujue." Lempi akalia, na kwa kuwa kulia kunataka pumzi, ilibidi mzee naye akae kimya mpaka amalize.

Aila aliogopa. Aliogopa kila kikohozi cha mzee yule, kila hatua yake kwenye barafu. Kila alfajiri kabla ya kazi aliegesha gari mbele ya nyumba ya Bwana Zupan na kuondoa theluji kwa koleo ili asiiondoe mwenyewe. Mzee alisimama dirishani akimwambia kwa ishara kwamba pembeni pale amepasahau. Aila alimpenda, na alimchukia kidogo kwa kuwa mzee.

Machi ikanyesha mvua ya barafu. Bwana Zupan alitoka kuchukua gazeti, akateleza, akavunjika nyonga. Lempi alikuwa katikati ya mechi; alishika kifua, akaketi kwenye barafu, akawaambia wasichana, "Mzee kaanguka," kabla ya simu kulia. Barabara ya Duluth ilikuwa imefungwa na helikopta hazikuruka. Mzee alikuwa akitumia dawa ya kuifanya damu kuwa nyepesi, hivyo sindano ya ganzi ya mgongoni haikuwezekana. Ilikuwa nusukaputi na mashine, chumba namba tatu. Bwana Zupan hakuwa ndugu wa Aila, sheria haikumzuia, na Aila akaomba amlaze yeye.

"Mdogo wetu yuko wapi?" mzee aliuliza, akiwa tayari mezani.

"Amekaa kwenye viti vya kusubiria."

"Mashine ikinipumulia mimi, inampumulia na yeye."

"Ndiyo."

"Kwa kipimo changu."

"Ndiyo, mzee."

"Na kile kifua chake tayari nyang'anyang'a."

"Kipimo kingine kama kile cha Januari sidhani atakiweza."

Bwana Zupan akaitazama taa ya dari. "Basi weka chake. Mimi nimefanya kazi mahali ambapo hewa ilikuwa ya kuonja. Nimezoea kubanwa."

Aila akamweleza kama ilivyo, kwa kuwa alimheshimu. Mia tatu kwa mtu wa kimo chake ni kidogo mno. Sehemu za chini za mapafu zingejifunga moja baada ya nyingine kama vyumba vya nyumba isiyo na wageni, na kwa umri wake zingeweza zisifunguke. Angejaribu kuzizuia: pumzi ndogo lakini nyingi, ishirini na sita kwa dakika, na shinikizo kidogo la kuachwa ndani mwisho wa kila pumzi ili vifuko visishikamane.

"Sijaelewa hata neno," mzee alisema. "Bora umeelewa wewe. Twende kazi."

Fomu ya kurasa mbili alikuwa ameshaijaza. Kwenye nafasi ya sababu aliandika jina la Lempi, kimo chake, na kiti alichokalia. Nafasi ya sahihi ilikuwa tupu, kwani Dakta Thorstad alikuwa mkutanoni. Aila akamlaza mzee, akapitisha mrija, akageuza nambari mpaka mia tatu, na kwa mara ya kwanza tangu Januari mabega yake yalishuka. Kwenye viti vya kusubiria Lempi alipumua haraka na kwa wepesi, akaendelea kusoma jarida.

Dakika ishirini zilipita salama. Kisha oksijeni ya Bwana Zupan ikawa tisini na nne. Aila akaongeza shinikizo. Tisini na mbili. Akajaza mapafu ya mzee kwa mkono, polepole, mara mbili, akijua kwamba Lempi naye anajazwa. Tisini na tatu, halafu tisini. Kengele ikaanza, na mkutano ukawa umekwisha.

Dakta Thorstad aliisoma fomu yote, ukurasa wa kwanza na wa pili. Aila alimwona akiisoma kwa makini, hilo hawezi kumnyima.

"Sababu uliyoandika ni ya mtu ambaye si mgonjwa wako."

"Anapumua pumzi hii, daktari. Una fomu yake ya kijani ofisini."

"Ninayo. Lakini mezani yuko mmoja. Ana urefu gani?"

"Sita na inchi tano."

"Pumzi hupimwa kwa kitu gani, Aila?"

Aila akatazama kioo. Kengele ililia. Themanini na tisa.

"Kwa urefu," alisema.

"Basi mtu huyu anastahili ngapi?"

Alipiga hesabu ingawa hakuhitaji, akiomba moyoni itoke nambari nyingine. Haikutoka. Leo nambari ya chumba kile ilimfaa mtu aliyelala chini yake.

"Mia sita."

Safari hii Dakta Thorstad hakunyoosha kidole. Alisubiri, mikono nyuma, mpaka Aila akazungusha kitufe mwenyewe.

Themanini na tisa ikawa tisini na tatu, ikawa tisini na saba. Kengele ikanyamaza. Daktari mpasuaji akasema ahsante, akaomba nyundo. Kwenye viti vya kusubiria Lempi aliliachia jarida, akashika mikono ya kiti. Mama wa mapokezi alimletea beseni na kuwaomba waliokaa karibu wasogee kiti kimoja. Milango miwili ilikuwa kati yao, lakini Aila alikisikia kikohozi, na alikisikia kwa muda wa saa moja na dakika tano.

Chumba namba tatu kilimaliza dakika sita kabla ya wakati. Mwisho wa karatasi ya usingizi huwa na swali moja lenye nafasi ya neno moja: mgonjwa amevumiliaje kupumuliwa? Aila aliandika: vizuri. Kwa mtu aliyekuwa mezani lilikuwa jibu la kweli, na aliona haya kuliko kama angeandika uongo.

Mchana Lempi alikuwa kitandani kando ya Bwana Zupan, barakoa ya oksijeni usoni, midomo rangi ya zambarau. Walimpima akapuliza robo tatu ya lita. Alikuwa hai. Curt alikuwa amempokea Aila chumba namba tatu ili apumzike dakika kumi na tano, na Aila alizitumia kusimama kati ya vitanda viwili.

"Uliweka kipimo chake?" mzee aliuliza, ulimi bado mzito wa dawa.

"Nilikiweka dakika ishirini."

"Afadhali ishirini," mzee alisema, macho yakafumba.

Lempi alisogeza barakoa. Alimtazama dada yake muda mrefu, maana ilimbidi kungoja mzee atoe pumzi, na mzee hakuwa na haraka.

"Saa hizi yuko nani mezani?"

"Mwalimu wa shule ya msingi. Amekuja na kidole tumbo."

"Mfupi?"

"Futi tano."

Pumzi ikaingia, vifua vikapanda pamoja. Lempi akangoja. Vikashuka.

"Nambari ngapi, dada?"

Aila akatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika mbili.

"Mia sita," alisema, akamrudishia mdogo wake barakoa usoni, akaikaza kamba nyuma ya sikio, akarudi chumba namba tatu kumpokea Curt.